Homoni Zimevurugika: Kabla Hujachagua Vidonge, Sindano au Kijiti

Swali ni lile lile, liulizwe Nangwa, Katesh au huko juu Mbulu: "Nimeambiwa homoni zangu zimevurugika. Nitumie njia gani ya uzazi wa mpango zikae sawa?" Anayeuliza mara nyingi ana hedhi inayopotea miezi miwili au mitatu, au inayokuja na kukaa wiki mbili, au ndevu zinazoota kidevuni, au chunusi zisizokubali sabuni wala losheni. Ameshauriwa na shoga yake achome sindano, na muuza duka la dawa vidonge, na mtu wa mtandaoni "dawa ya kusafisha kizazi". Kila mmoja ametaja njia. Hakuna aliyemuuliza ni kitu gani hasa anataka kirekebishwe. Kosa linaanzia hapo. Njia hizi, zenye homoni na zisizo nazo, zinafanya kazi tofauti mwilini, na ile inayomfaa jirani yako kwa kutoshika mimba inaweza isifanye lolote kwa ndevu zako, au ikakuongezea chunusi. Kwa hiyo anza na tatizo lako. Njia itafuata.

Kwanza ujue kilichovurugika

Kauli "una mvurugiko wa homoni" ikiishia hapo haijakuambia unaumwa nini. Hedhi isiyo na mpangilio ina sababu nyingi, na baadhi yake haziponi kwa njia yoyote ya uzazi wa mpango. Vidonge vya majira vitakuletea damu kila mwezi hata kama chanzo ni tezi ya shingo inayofanya kazi polepole. Damu itakuja, wewe utaridhika, na ugonjwa utaendelea chini kwa chini. Sisemi kila mwanamke apimwe kila kitu. Ninachosema ni kwamba kuna mambo machache ya kuondoa njiani kabla ya kumeza kidonge cha kwanza:

- Mimba. Hata kama una hakika huna, pima. Kipimo cha mkojo ni rahisi na kinapatikana hata maduka ya dawa.
- Kunyonyesha. Mama anayenyonyesha anaweza kukaa miezi mingi bila kuona siku zake, na huo si ugonjwa.
- Umri mdogo. Binti wa sekondari aliyevunja ungo mwaka jana hana haja ya kuitwa mgonjwa. Mwaka wa kwanza hedhi huwa haina mpango, na miaka miwili inayofuata huendelea kujipanga.
- Tezi ya shingo, hasa ukiona shingo imevimba, unahisi baridi kuliko wenzako, umechoka bila sababu au unanenepa huku chakula ni kile kile.
- Maziwa yanayotoka kwenye matiti wakati hunyonyeshi. Hapo homoni ya prolaktini ndiyo ya kupimwa.
- Sindano ya uzazi wa mpango uliyochoma hapo nyuma, au P2 (vidonge vya dharura vya kuzuia mimba) unazomeza mara kwa mara.

Hilo la P2 linahitaji neno la ziada. Dozi yake ni miligramu 1.5 za levonogestreli kwa mkupuo mmoja, ambayo ni sawa na dozi ya homoni hiyo iliyomo katika vidonge kumi vya kawaida vya majira. Imetengenezwa kwa dharura. Anayeimeza mara tatu kwa mwezi kisha akalalamika kwamba tarehe zake zimepotea hana haja ya kutafuta mchawi wala ugonjwa mpya. Aachane na P2, apate njia ya kawaida ya uzazi wa mpango, na hedhi itajipanga.

Ukishaondoa hayo, linalobaki mara nyingi ni hali ambayo madaktari huiita kwa kifupi PCOS: ovari haziachii yai kwa mpangilio, homoni za kiume mwilini zinazidi kiasi, na kwenye picha ya utrasaundi ovari huonekana zimejaa vifuko vidogo vidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hali hii inawapata takriban wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kama wanayo. Kwa mwanamke mtu mzima haihitaji mashine kubwa kutambuliwa. Mwenye hedhi za kusuasua pamoja na dalili za wazi za homoni za kiume, kama ndevu au nywele za kifuani, anaweza kutambuliwa bila utrasaundi, mradi magonjwa mengine yameondolewa.

Kazi yako kabla ya kwenda zahanati ni moja tu, nayo haina gharama. Andika tarehe. Chukua daftari au kalenda ya ukutani, weka alama siku damu inapoanza na siku inapokoma, kwa miezi mitatu. Mzunguko wa kati ya siku 21 na 35, ukihesabu toka siku ya kwanza ya hedhi hadi siku ya kwanza ya hedhi inayofuata, ni wa kawaida kwa mtu mzima. Ukipungua au kuzidi hapo mara kwa mara, kuna jambo. Ukipitisha siku 90 bila kuona damu na huna mimba wala hunyonyeshi, nenda hospitali hata kama huumwi popote. Sababu ni kwamba utando wa ndani wa mji wa mimba unaendelea kunenepa bila kubomoka, na ukiachwa hivyo kwa miaka, hatari ya saratani ya mji wa mimba inapanda. Hatari hiyo ndiyo inayofanya tiba iwe ya lazima, kuliko hata ndevu na chunusi ambazo ndizo zinazotusumbua zaidi.

Unataka nini hasa?

Jibu swali hili kwa ukweli, maana njia inachaguliwa hapa.

- *Nataka kupunguza ndevu na chunusi, na hedhi ije kwa mpango.* Vidonge vya majira vyenye homoni mbili (estrojeni na projestini), kama huna kizuizi nitakachotaja chini.
- *Ndevu hazinisumbui, ila nakaa miezi mingi bila hedhi.* Vidonge vya homoni mbili vinafaa. Hata vidonge vya projestini pekee, unavyoandikiwa na daktari na kuvimeza siku 10 hadi 14 kila baada ya mwezi au zaidi, vinatosha kusafisha utando huo. Hivi vya pili havizuii mimba.
- *Natoka damu nyingi hadi nimepungukiwa damu.* Kwanza utafutwe uvimbe na sababu nyingine. Kisha vidonge, sindano, au kitanzi chenye homoni pale kinapopatikana.
- *Sitaki homoni kabisa.* Kitanzi cha shaba, yaani lupu. Kinazuia mimba kwa miaka kumi au zaidi, lakini hakirekebishi homoni yoyote, na miezi ya mwanzo kinaweza kuongeza damu na maumivu.
- *Nataka mtoto.* Basi hakuna njia ya uzazi wa mpango itakayokusaidia. Kumeza majira ili "kuandaa kizazi" ni kupoteza muda. Zipo dawa za kuamsha ovari ziachie yai, nazo huandikwa na daktari.

Kwa nini vidonge, wakati sindano ndiyo rahisi?

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 unaonyesha kwamba kijiti ndicho kinachoongoza miongoni mwa wanawake walioolewa nchini wanaotumia njia za kisasa, sindano ikifuata. Nawaelewa. Sindano unachoma mara moja kwa miezi mitatu, hakuna paketi ya kuficha chini ya godoro, na anayekaa mbali na zahanati halazimiki kurudi kila mara. Kijiti kinakaa mkononi miaka mitatu au mitano, kulingana na aina. Kwa kuzuia mimba, zote mbili ni njia imara kuliko vidonge, kwa sababu hazitegemei kumbukumbu ya mtu.

Lakini swali letu hapa ni homoni, na hapo mambo yanageuka. Sindano na kijiti vina homoni moja tu, projestini. Vidonge vya majira vya kawaida vina projestini pamoja na estrojeni, na kidonge cha namna hii kinafanya kazi tatu kwa pamoja. Kinatuliza ovari, hivyo zinapunguza kutengeneza homoni za kiume. Estrojeni yake inalifanya ini litoe kwa wingi protini inayozishika homoni za kiume zilizomo kwenye damu, hivyo zile zinazobaki huru kufika kwenye ngozi na kwenye mashina ya nywele zinapungua. Na projestini yake inazuia utando wa mji wa mimba usinenepe. Sindano inaifanya kazi ya tatu vizuri sana. Ile ya pili haiifanyi. Kijiti kwa wengine huongeza chunusi, na mara nyingi huleta matone ya damu yasiyo na ratiba, jambo ambalo kwa mtu aliyekuja akilalamikia tarehe zisizoeleweka ni kumwongezea mkanganyiko juu ya mkanganyiko.

Sindano ina mambo mengine matatu ya kupima. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu ya wanaoitumia hawaoni hedhi kabisa. Hilo halina madhara, damu hairundikani popote, ila anayetaka kujua kama mzunguko wake umerudi hataweza kujua. Pili, uzazi hurudi polepole: wengi hushika mimba kama miezi kumi hivi toka sindano ya mwisho. Uzazi haupotei, ila mwenye ovari zinazosuasua tayari na anayetarajia kuzaa mwakani ana sababu nzuri ya kuchagua kitu kingine. Tatu, kwa kuwa sindano huongeza uzito kwa baadhi ya watumiaji, mwenye PCOS na mwili mzito aifikirie mara mbili.

Vipi kuhusu vidonge vya bei kubwa vinavyonadiwa kuwa "maalumu kwa homoni"? Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 hauoni ushahidi wa kutosha kwamba aina moja ya kidonge cha homoni mbili inaishinda nyingine kwa tatizo hili, na unashauri dozi ndogo ya estrojeni. Vile vyenye siproteroni, ambavyo watu huviagiza kwa bei ya kuumiza, havipendekezwi kuwa chaguo la kwanza kwa sababu ya hatari ya damu kuganda. Kidonge cha kawaida cha zahanati chenye mikrogramu 30 za estrojeni kinatosha kuanzia, na katika vituo vya serikali huduma za uzazi wa mpango hutolewa bure.

Asiyetakiwa kumeza estrojeni

Ukisoma sehemu moja tu ya makala hii, iwe hii. Kidonge cha homoni mbili kinaongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Kwa wasiotumia ni kama wanawake 2 katika kila 10,000 kwa mwaka. Kwa wanaotumia vidonge vya kawaida ni kama 5 hadi 7. Ni hatari ndogo, na mimba yenyewe inaipita kwa mbali. Lakini kwa baadhi ya wanawake si ndogo hata kidogo, na muuza duka hawezi kuwatambua kwa macho. Usianze kama:

- presha yako ni 140/90 au zaidi;
- unaumwa kichwa cha upande mmoja kinachotanguliwa na mwanga wa kumetameta au giza machoni;
- umewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo;
- una saratani ya matiti, au ugonjwa mkali wa ini;
- umevuka miaka 35 na unavuta sigara;
- unanyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita.

Kwa hiyo usipokee vidonge kabla ya kupimwa presha. Ni kipimo cha dakika mbili. Ukipewa paketi bila kufungwa mkanda mkononi, omba: "Nesi, naomba unipime presha kwanza." Si ubishi, ni haki yako.

Kuna kundi jingine ambalo kwa ukanda wetu lina uzito wa pekee: wanaotumia dawa za kifafa. Kifafa kimechunguzwa kwa miaka mingi katika Hospitali ya Kilutheri Haydom, wilayani Mbulu. Dawa nyingi za kifafa zinazotumika vijijini, kama fenobabitoni, kabamazepini na fenitoini, hulifanya ini liivunje homoni ya kidonge na ya kijiti haraka kuliko kawaida. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya vivyo hivyo. Ukiwa kwenye dawa hizi, kidonge kinaweza kushindwa kukinga mimba na kushindwa kutuliza homoni. Sindano na lupu haviathiriki namna hiyo. Mtajie mhudumu kila dawa unayotumia, ya hospitali na ya kienyeji.

Jinsi ya kuanza, na pale watu wanapokosea

Meza kidonge cha kwanza ndani ya siku tano za mwanzo za hedhi. Kinga ya mimba inaanza papo hapo. Kama hedhi haiji kabisa, unaweza kuanza siku yoyote mradi imethibitika huna mimba, na utumie kondomu kwa siku saba. Meza muda ule ule kila siku, kwa mfano baada ya chakula cha usiku. Katika paketi ya vidonge 28, vile 21 ndivyo vyenye homoni. Vile saba vya rangi tofauti havina. Katika paketi nyingi ni madini ya chuma, na damu hutoka unapovifikia. Ukimaliza paketi, fungua nyingine kesho yake bila kupumzika.

Makosa ninayoyasikia zaidi ni haya. Wa kwanza humeza siku anazolala na mumewe tu. Wa pili huacha baada ya mwezi mmoja kwa kuwa ametapika kidogo, matiti yanauma au ameona matone ya damu, wakati mambo hayo kwa wengi hutulia ndani ya miezi mitatu. Wa tatu anasahau viwili mfululizo, kisha anaitupa paketi. Ukikosa viwili au zaidi, meza kimoja mara unapokumbuka, endelea na ratiba, na tumia kondomu mpaka umeze siku saba bila kuruka. Ikiwa umevikosa katika wiki ya tatu, ukimaliza vyenye homoni ruka vile saba uanze paketi mpya. Wa nne huenda kupima homoni akiwa bado anameza vidonge. Majibu ya homoni za kiume yatakuwa ya kidonge, siyo yake. Vipimo hivyo hufanywa kabla ya kuanza, au miezi mitatu baada ya kuacha.

Wa tano ananunua chai na unga wa "kubalansi homoni" kwa bei ya mbuzi mzima. Sina ugomvi na mitishamba ya wazee. Ugomvi wangu ni na kopo lisiloandikwa kilichomo ndani, linaloahidi kutibu ugumba, uvimbe, chango na kitambi kwa pamoja.

Mnayouliza kwa kunong'ona

*Vidonge si vinaleta ugumba?* Havileti. Kinachotokea ni kwamba mwanamke ambaye hedhi zake zilikuwa za kusuasua anameza miaka mitatu, anaona damu kila mwezi, anaamini amepona. Akiacha, ile hali ya zamani inarudi na lawama inaangukia kidonge. Vidonge vinadhibiti PCOS, haviiponyi. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza hata kilo tano katika kila mia za uzito wake huweza kuzirudisha hedhi zenyewe, jambo ambalo kidonge hakiwezi kudai.

*Na saratani?* Jibu la kweli lina pande mbili. Ile ya matiti na ya shingo ya kizazi hupanda kidogo wakati wa kutumia, na ongezeko hilo hupungua ukishaacha. Ile ya ovari na ya mji wa mimba hushuka, na kinga hiyo hubaki kwa miaka mingi. Kwa mwenye PCOS, ambaye mji wake wa mimba ndio ulio hatarini, hesabu kwa maoni yangu inaegemea upande wa kutumia. Ila asiache kupimwa shingo ya kizazi.

*Kanisa langu linakataza.* Waamini wa Jimbo Katoliki la Mbulu wana haki ya kuuliza hili. Waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968, Humanae Vitae, ndio unaokataza uzuiaji mimba, lakini katika kipengele cha 15 unakubali dawa zinazohitajika kutibu ugonjwa wa mwili hata kama zinazuia uzazi, mradi kuzuia huko sicho kinachokusudiwa. Zungumza na paroko wako ukiwa na maelezo ya daktari. Vituo vya afya vya Kikatoliki havitoi njia za kisasa kwa ajili ya kupanga uzazi, hivyo eleza wazi kwamba umekuja kutibiwa.

*Mume hatakubali.* Unayemeza ni wewe, na ridhaa ya mgonjwa ni yako. Hata hivyo nyumba nyingi hutulia mume akisikia kwa mhudumu kwamba hii ni dawa ya maradhi. Nenda naye kliniki kama inawezekana. Kuficha paketi ndiko kunakosababisha vidonge visahauliwe.

Baada ya kuanza

Rudi baada ya miezi mitatu, presha ipimwe tena. Chunusi huanza kupungua katika kipindi hicho. Ndevu zinataka miezi sita au zaidi, kwa hiyo usihukumu mapema. Zahanati ikishindwa kueleza hedhi iliyopotea siku 90, omba rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya pale Katesh, Haydom, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara, Babati, na uende na daftari lako la tarehe. Na ukiwa kwenye vidonge, mguu mmoja ukavimba na kuuma, kifua kikabana, pumzi ikakata, kichwa kikauma kuliko ulivyowahi kukijua, au macho yakaingia giza ghafla, acha vidonge na uende hospitali siku hiyo hiyo, paketi ukiwa nayo mkononi ili daktari aone ulikuwa ukitumia nini.